Matanga Yaliyoahirishwa Hadi Grand Canyon

Jumapili ile wazee walipopanda ngazi, Kahambu alikuwa amepiga magoti sebuleni, akipima begi kwa mizani ya kuning'iniza. Safari ya Arizona ilikuwa bado majuma matatu, lakini yeye ni mtu wa kufunga mizigo mapema, kisha kuifungua, kutoa blauzi, na kuirudisha blauzi ileile. Begini mlikuwa na vitenge, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyokaushwa, sabuni za kakao, na viatu vya kutembelea milimani ambavyo binti yake Jémima alimlazimisha anunue, vizito kama matofali.

Nyumba yao iko Etterbeek, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, na jengo halina lifti. Tonton Sylvestre, mjomba wa wote na mkubwa wa watu wa Lubero, Kongo, waishio Brussels, ana magoti mabovu na hapandi ngazi za mtu bila sababu. Kahambu aliposikia pumzi zake kwenye ghorofa ya pili, na nyuma yake viatu vya watu wengine, alijua. Kengele ilikuwa bado haijalia.

Maana kwa watu wa Kivu habari ya kifo haipigwi simu kwa mtu aliye peke yake. Huletwa na wazee, mkono kwa mkono, mfiwa akiwa ameketi, baada ya salamu na baada ya maji. Desturi hiyo ilivuka mipaka pamoja nao, na huku Ulaya imepata dosari moja: wazee wanaopanda ghorofa tatu bila kualikwa wamekwisha kusema yote kabla hawajafungua kinywa.

"Mutoto yetu," Tonton Sylvestre alisema alipokwisha kupumua, "acha kwanza ile begi. Kuya ukae hapa karibu na maman."

Maman ni mke wake, aliyekuwa tayari kwenye kochi, mikono imelegezwa, tayari kumdaka mtu.

"Nimekaa, tonton."

"Bon. Ulishakunywa chai?"

"Nilishakunywa. Ni mama?"

Tonton alimtazama mkewe kama mtu aliyekatizwa sala katikati. Alikuwa bado hajafika hapo. Alikuwa na maneno ya kuanzia, maneno ya katikati, na mfano wa Ayubu.

"Ni mama," alisema mwishowe. "Jana asubuhi hakuamuka. Leo wamemuzika, kule Butembo. Hali ya kule unaijua, hawakuweza kungoja."

Kahambu alisema ndiyo. Mikono ya mke wa tonton ikabaki hewani, haina wa kumdaka.

"Lia, mwanangu. Lia tu."

"Nitalia," Kahambu alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeombwa afunge dirisha.

Hakulia. Aliangalia begi. Aliona kwamba mkanda wake ulikuwa umejikunja, akaunyoosha. Mama yake alikuwa ameuza viazi na vitunguu majani kando ya barabara maisha yake yote, karibu na mteremko wa Kabasha, pale malori yanapoanza kushuka kuelekea bondeni. Vita vilipofika Kirumba, mji wao, alikimbilia Butembo na godoro moja, akaishi katika chumba cha binamu. Sasa hakuwapo. Kahambu alijaribu kulisema hilo moyoni, na lilipita kama tangazo la kituo ambacho yeye hashuki.

"Kuko kitu ingine," tonton alisema. "Kasoki hajui."

Kasoki ni mdogo wake. Kwa Wanande jina la mtoto hutaja nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo yeyote anayewajua Wanande akisikia Kahambu na Kasoki anaelewa kwamba mmoja amemfuata mwenzake mgongoni. Wale waliowatangulia hawako tena duniani. Hawa wawili waliachana kwenye mpaka wa Kasindi wakiwa wasichana: Kahambu akavuka na kufika Ubelgiji kwa njia ndefu, Kasoki akabaki, kisha akaingia kambini Uganda, kisha akachukuliwa Marekani na kupewa nyumba Phoenix, mji wa jangwani. Karibu miaka ishirini hawajagusana. Safari ile ilikuwa ya kukutana.

"Yeye kule iko peke yake," tonton aliendelea. "Bwana yake anafanyaka kazi ya usiku, watoto wangali wadogo, na ile tension yake ya damu unaijua. Tukimuambia kwa telefone ataanguka, nani atamuokota? Weye unaenda. Tulishaongea na ba binamu wa Butembo, nabo banasema vile. Utamuambia macho kwa macho, kule kwenye... munaenda wapi tena?"

"Grand Canyon."

"Voilà. Mahali pazuri. Unamukalisha, unamuambia polepole."

"Tonton, nimuambie mutu habari kama ile kando ya shimo?"

Mke wa tonton alikohoa, akakiziba kinywa kwa kitambaa. Huenda hakikuwa kikohozi.

"Hapana pembeni kabisa," tonton alijibu bila hata kutabasamu. "Nyuma kidogo."

Kisha akaleta sharti, na sharti ndilo lililokuwa zito. Brussels isingefanya matanga. Viti visingepangwa, wimbo usingeimbwa, nywele zisingenyolewa, mpaka Kahambu atakaporudi. Kwa sababu matanga yakifunguliwa Etterbeek, picha ya viti itafika Phoenix kabla watu hawajavikalia. Kahambu angekwenda kazini, angecheka, angepanga safari, na angeongea na mdogo wake kama jana.

"Utaweza?"

"Ndiyo, tonton."

Lazima tuseme waziwazi jambo alilotendewa mwanamke huyu, maana wengi waliolitenda wangali wanajipongeza. Mtu mzima, aliyelea mtoto peke yake katika nchi ya ugeni, anayeosha na kulisha wazee wa watu kila siku ya Mungu, alipewa msiba wake kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mkono wa pili, katika kikao kimoja, na watu waliomwita mtoto. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Walimwachia maiti ya kubeba moyoni wakamwambia asionekane amebeba kitu. Na walikuwa watu wema, hilo ndilo linalochosha. Waliondoka wameridhika, wakishikana mikono ngazini.

Jioni Jémima aliporudi, Kahambu alimwambia kwa sentensi moja, akichambua mchele. Binti alilia kwa wote wawili.

"Na tante Kasoki?"

"Asijue."

"Maman, c'est pas normal."

"Lete sufuria."

Kazi ya Kahambu iko Auderghem, katika nyumba ya wazee iliyo jirani na msitu. Alikwenda Jumatatu, akaenda Jumanne. Alivaa sare, akasukuma kigari cha mashuka, akakata nyama vipande vidogo kwa wasio na meno. Juma hilohilo mama mmoja wa chumba cha mwisho alifariki, na kama ulivyo utaratibu wa nyumba, picha yake iliwekwa mapokezi, ikawashiwa mshumaa wa umeme, na wafanyakazi wakasimama kimya kwa dakika. Kahambu ndiye aliyetumwa kuutafuta mshumaa kabatini na kuuwasha. Aliuweka sawa mbele ya picha, akasimama na wenzake, akasubiri dakika iishe. Mkuu wa zamu alimsifu kwa utulivu.

Kibali cha kuingia Marekani alikuwa amekipata kwa simu kabla wali haujaiva. Pasipoti ya Ubelgiji ilimfungulia korongo la Arizona, lenye mabasi ya bure na vituo vya maji na walinzi waliovaa kofia. Haikumfungulia barabara ya kwenda kutupa udongo kwenye kaburi la mama yake. Narudia neno hilo mbele ya kila anayeniambia kwamba dunia siku hizi ni ndogo. Ni ndogo kwa watalii.

Jumamosi alishuka kituo cha Porte de Namur kwenda kutafuta pilipili Matonge, mtaa wa Wakongo, na mwanamke aliyemfahamu kwa jina tu alimshika mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, huku akizungumzia msusi mpya aliyefungua saluni pale kwenye uchochoro wa maduka.

"Anasukaka muzuri sana," mwanamke alisema, macho yamemjaa machozi. "Mais sana, dada. Nguvu. Nguvu kabisa."

Kila mtu alijua. Mji mzima wa watu wake ulikuwa ukimlilia kwa siri, kila mmoja jikoni kwake, na yeye mwenyewe hakuwa amealikwa.

Nyumbani, mipango iliendelea. Jioni ya Brussels ni asubuhi ya Phoenix, na Kasoki hupiga simu kabla ya kuingia zamu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Jémima aliweka kompyuta mezani, simu ikaegemezwa kwenye jagi, na wanawake watatu wakalipanga korongo.

Wazo lilikuwa la Kasoki. Miaka iliyopita kanisa lake lilimpeleka huko kwa basi, na aliporudi alimpigia mama yao Kirumba na kumweleza kwamba ameiona Kabasha ya Wamarekani: unasimama juu, kuna baridi, na chini kabisa kuna joto na mto, na katikati hewa tupu. Mama aliuliza watu huenda kufanya nini pale. Kuangalia, Kasoki alisema. Wanatoka mbali, wanalipa mlangoni, wanaangalia bonde. Mama alicheka mpaka simu ikakatika. Tangu hapo korongo lile lilikuwa jambo la kifamilia.

"Yaya, tutalala mulemule ndani ya parc," Kasoki, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya, alikuwa akieleza. "Upande wa kusini. Ule wa kaskazini ni mbali na barabara inazunguka sana. Kutoka huku ni kama masaa ine na gari."

"Kuko baridi?"

"Asubuhi, ndiyo. Urefu wa mulima ni kama Lubero, sikudanganyi. Leta pull, ile sweta. Mais ukishuka chini, joto inakupika."

"Hatushuki," Kahambu alisema.

"Hatushuki, watu wanashukaka wanashindwa kupanda. Wanawaletea hata hélicoptère."

"Maman alinunua viatu vya kushuka," Jémima aliingilia. "Vya wanajeshi. Atavivaa kukaa kwenye banc."

"Wewe mutoto uko na mudomo," Kasoki alisema. "Kuko nyumbu kule, tutakupandisha moja, ikubebe chini, ikuache."

Walicheka. Kahambu alicheka pia. Alikuwa amegundua kwamba kucheka ni kazi ya uso tu. Alichagua njia ya kutembea, ile tambarare inayofuata ukingo, aliuliza basi la hifadhi linasimama wapi, aliuliza kama maji ya bombani hunywewa. Aliyasikia majibu na kuyashika. Alikuwa mpangaji mzuri kuliko alivyokuwa kabla ya msiba, kwa kuwa hakuna kilichomchanganya akili. Usiku alilala vizuri. Hilo lilimtisha kidogo, kisha halikumtisha.

Kitu kimoja tu alikihesabu kuwa ushindi. Katika mazungumzo yale yote, jina la mama halikutajwa. Aliliepa kwa ustadi, akageuza maneno kila yalipokaribia Kirumba, na akajiambia kwamba mdogo wake hajang'amua kitu.

Jémima ndiye aliyeutia doa ushindi huo. Alisema huku akikausha vikombe, akimtaja bibi yake, koko.

"Tante haulizi tena koko."

"Anafikiria safari."

"Maman. Zamani kila simu: koko amepiga? koko amekula? koko ametumiwa dawa? Sasa, rien. Na camera yake iko imezimwa tangu ile Jumapili."

"Camera yake imeharibika."

"Ya kwako pia huwashi."

Kahambu alisema amechoka, na kweli alikuwa amechoka, akaenda kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Kofia ndiyo iliyovunja mambo. Kasoki alikuwa amenunua kofia mbili za majani, pana, zenye kamba ya kufunga kidevuni, moja yake na moja ya dada yake, kwa ajili ya jua la korongoni. Alizifurahia mno hata akasahau kwamba kamera yake ni mbovu. Aliiwasha. Uso wake ukajaa kwenye simu, mnene kuliko Kahambu alivyoukumbuka, na kitambaa cha kitenge kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Angalieni. Mutaniambia kama nafanana na cowboy."

Aliiweka kofia juu ya kitambaa. Ilikaa juu kama kifuniko kwenye chungu kilichojaa.

"Tante, toa foulard," Jémima alisema. "Hatuoni kitu."

"Apana, iko muzuri vile."

"Haiko muzuri. Iko inaelea."

"Wewe, uliona nani anavuaka mbele ya..." Kasoki alianza, na papo hapo akaivuta kofia ishuke, akaivuta kwa mikono miwili kama mtu anayelazimisha kiatu. Kamba ilikamata fundo. Kofia ikatoka, na kitambaa kikatoka nayo.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa hadi kwenye ngozi. Kilimeta. Masikio, ambayo utotoni walimchekea sana, yalisimama wazi pande mbili.

Katika vijiji vya kwao, binti hunyolewa namna hiyo kwa jambo moja.

Kasoki alikirudisha kitambaa haraka, akakosea upande. "Ni juu ya joto," alisema. "Yaya, joto ya Phoenix hauijui. Ni tanuri."

"Ndiyo," Kahambu alisema. "Nilisikia."

"Kila mutu hapa ananyoa."

"Ndiyo."

"Bon. Na ile basi ya bure, nilikuambia inaanza asubuhi sana?"

"Uliniambia. Inapita kila mara?"

"Kila mara. Hata hauhitaji kungoja."

"Ni vizuri."

Waliendelea hivyo. Walizungumza juu ya basi, juu ya chupa za maji na jinsi ya kuzijaza, juu ya mvua za radi ambazo wakati mwingine hushuka mchana, kwa sauti za wanawake wawili wanaobeba meza ya kioo wakiogopa kuigonga mlangoni. Kisha Kasoki akasema anachelewa kazini, na simu ikazimika.

Jémima hakusogea. "Maman."

"Niliona."

Alikwenda jikoni, akaosha glasi safi. Huko, maji yakitiririka, ndipo picha ilipomjia, na ilimjia kwa ukamilifu wake kama kitu kilichokwisha kutokea. Wanawake wawili wamekaa kwenye benchi, nyuma kidogo ya ukingo. Mbele yao shimo lote lile, jekundu, lenye mto usiosikika. Hawajaonana tangu ujana. Na kila mmoja anatafuta maneno ya kumwambia mwenzake polepole jambo ambalo mwenzake amelibeba kutoka nyumbani, kila mmoja akiiandaa mikono kumdaka mwenzake. Wamesafiri bahari nzima ili wafanye mchezo walioandikiwa na binamu.

Kitu kilisogea kifuani. Hakikuwa huzuni, alikitambua vizuri: ilikuwa hasira. Lakini ilikuwa kitu, cha kwanza tangu Jumapili ile, na alilifunga bomba kwa nguvu hata mpini ukalia.

Alipiga simu.

"Yaya? Umesahau nini? Niko kwenye gari, sijawasha."

"Usiwashe. Kasoki, nani alikunyoa?"

Upande wa pili funguo za gari ziliwekwa chini.

"Mke wa pasta," Kasoki alisema.

"Siku gani?"

"Ile Jumapili."

"Miye pia ni ile Jumapili. Tonton Sylvestre."

Mtu alipita nje ya gari la Kasoki akiburuta kitu chenye magurudumu.

"Walikuambia nini juu yangu?" Kahambu aliuliza.

"Kwamba moyo yako haiko na nguvu. Kwamba uko na mutoto moja tu na anasoma, hakuna wa kukushika. Pasta alisema binamu za Butembo ndiyo walipanga. Nikupokee airport, nikupumuzishe, nikupeleke kule mahali pazuri, nikuambie polepole."

"Kando ya shimo."

"Nyuma kidogo, pasta alisema."

Kasoki ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kicheko kile cha mama yao, kinachoanzia tumboni na kukosa pumzi, na hakikufika mwisho. Kilikatika katikati kikawa kilio. Kahambu alisikiliza. Jémima alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Kahambu alishika simu kwa mikono miwili na kumsikiliza mdogo wake akilia ndani ya gari, maelfu ya kilomita mbali, kwenye maegesho ya nyumba yao, na macho yake mwenyewe yalikuwa makavu kama karatasi.

"Yaya, weye haulii?"

"Sijui kulia kunaanzia wapi. Niko kama mutu wa kuangalia."

"Walikukalia siku ngapi?"

"Nani?"

"Watu. Matanga."

"Hakuna matanga."

Kasoki akasema kwa aibu kwamba yeye walimkalia. Kanisa lilikuja, wanawake walilala naye chini kwenye magodoro, waliimba kwa sauti ndogo ili majirani wasirekodi. Walikatazwa kupiga picha, kwa sababu ya Brussels.

"Donc weye walikukalia," Kahambu alisema.

"Uliposema tonton alikuya, nilifikiri na weye pia. Kwanza nilifikiri wewe ndiye hujui. Nilifikiri... sijui nilifikiri nini."

"Miye nilienda kazini."

Aliisikia sauti yake ikisema hivyo. Haikuwa kubwa. Alikuwa amewasha mshumaa wa mtu mwingine, akasimama dakika ya mtu mwingine, na alikuwa amefanya hayo yote kwa ajili ya kumlinda mtu aliyekuwa tayari amelindwa. Hakuna aliyekosa pa kulilia ila yeye. Wazee wawili katika mabara mawili waliulinganisha udhaifu wa wanawake wawili, wakasahau kuwauliza, na hesabu yao ikamwangukia mmoja.

"Sikiliza," Kasoki alisema. Alikuwa amefuta pua. "Leo siendi kazini."

"Watakufukuza."

"Hawanifukuzi, nitasema ni msiba, kwani ni uongo? Napanda nyumbani, nafungua telefone, na sifungi. Miye nitakukalia. Ambia Jémima atoe godoro kwa chumba aweke chini. Haulii matanga kwenye kiti, yaya, unajua."

Jémima, aliyesikia, alikwisha kuondoka mlangoni. Godoro lilisikika likigonga ukuta wa korido, likikwama, likilaaniwa kwa Kifaransa. Kahambu alisogeza meza na mapazia, akalisukuma begi la safari nyuma ya kochi. Ujumbe wa kwanza ulifika kabla hajaketi. Kasoki alikuwa ameandika kwenye kundi la familia, kwa herufi kubwa, kwamba yeye na dada yake wote wanajua, na kwamba matanga ya mama yao yamefunguliwa Brussels leo hii. Tonton Sylvestre alipiga mara moja.

"Nani alitoa ruhusa?"

"Watoto ba marehemu, tonton," Kahambu alisema. "Tuko wawili. Tumekubaliana wote."

"Mais tulisema..."

"Mulisema. Muko nakuya, ao hapana?"

Sauti ya mkewe ilisikika nyuma, ikiuliza funguo za gari ziko wapi.

"Tunakuya," tonton alisema. "Viti biko kumi na mbili tu."

Alipoketi chini hatimaye, mgongo kwenye kochi na miguu imenyooshwa kama inavyotakiwa, Kasoki alikuwa amerudi kwenye simu, kichwa wazi, bila kitambaa. Jémima aliiegemeza simu kwenye mto ili macho ya dada wawili yawe usawa mmoja.

"Bado utakuja?" Kasoki aliuliza.

"Nakuja."

"Tutafanya nini kule sasa?"

"Tutaangalia shimo."

Kasoki aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa katika matanga wa kwanza kuketi humwuliza mfiwa ilikuwaje, na mfiwa hueleza, na hueleza tena kwa kila anayeingia, mpaka maneno yatoke yenyewe, Kasoki aliuliza.

"Ilikuwaje, yaya?"

Kahambu hakuwapo. Hakuona kitanda wala udongo. Alikuwa na simu moja tu, ya mwisho, na hakuwa ameieleza kwa mtu yeyote.

"Alinipigia siku ya Alhamisi," alisema. "Sauti ilikuwa muzuri. Alisema miguu inauma, mais alienda shamba ya jirani kuangalia viazi, hakuweza kukaa. Akaniuliza kama safari iko. Nikasema iko. Akaniuliza, kule chini ya lile bonde la Kasoki, karibu na mto, watu wanalimaka?"

Mkono wake ulikwenda nyuma ya kochi, ukaushika mkanda wa begi, na safari hii hakuunyoosha.

"Ukamujibu nini?" Kasoki aliuliza.

"Nilisema sijui. Nilisema nitaangalia, nitamuambia."

"Endelea," Kasoki alisema. "Niko hapa. Endelea."